Kilio cha Lusi

Mwanangu, kabla hujasafiri, sogea karibu. Hadi leo naiona siku tuliyomzika mama yangu, nyumbani karibu na Rongo, miaka ile ya tisini, nami ndiyo kwanza naota ndevu.

Mama alikuwa na rafiki, mkunga kutoka Ufilipino aliyefanya kazi kwenye zahanati yetu, aliyeitwa Lusi. Watu wake ni Wailokano, wa mji mtulivu wa bara, mbali na bahari. Mji wa mpunga, vitunguu saumu na miwa. Jioni wakichambua mboga, Lusi alitusimulia: kwao shamba la mmoja hulimwa na wote kwa zamu, kijana huushika mkono wa mkubwa na kuugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe, na penye msiba marehemu hutengewa chakula. Mama alicheka kwa furaha. "Lusi, kumbe nyinyi ni Wajaluo mliopotea!"

Basi siku ya mazishi Lusi alikuja na sahani ya wali na yai, akaiweka kando ya jeneza. Mzee mmoja wa kanisa akafoka, "Hapa hatulishi wafu! Iondolewe." Watu wakanitazama mimi, kifungua mimba. Nikainamisha kichwa. Lusi akainama kuichukua sahani yake.

Ndipo nyanya yangu, tuliyemwita Dani, akainuka na mkongojo wake.

"Iache hapo, nyar wa. Wewe ni binti yetu. Mgeni akileta msibani chakula cha kwao, ametuletea kwao kote. Mlilie rafiki yako."

Lusi akapiga magoti. Alilia kwa wimbo, mwanangu, kwa lugha yake, akimwita mama kwa jina, akimuuliza maswali, akinyamaza kama anayengoja jibu. Maneno hatukuyajua, ila kila mtu alielewa. Wanawake wetu wakamwitikia kwa Kijaluo, vilio viwili vikawa kimoja. Yule mzee wa kanisa mwenyewe alitoa leso. Baada ya sala Lusi aliwagawia watoto ule wali, maana ndivyo wafanyavyo kwao.

Mwacha mila ni mtumwa, na wahenga hawakusema mila ya nani. Ukikuta desturi ya mtu, usikimbilie kuuliza kama ni ya kwenu. Tazama kwanza inamheshimu nani. Na anayeishika ya kwao kwa adabu akiwa ugenini, mpe nafasi, maana huyo ana kwao.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akujalie kuishi hivi kwamba siku yako ikifika, hata mtu wa mbali akulilie kwa jina.