Zawadi za Krismasi zilipopasuka, Nanjala alizifuata mlango kwa mlango

Saa tatu asubuhi, Dolphine Nanjala hajakaa kitako tangu alipofungua mlango. Anakoroga jemu ya nanasi inayotokota, anauweka mwiko juu ya sahani, anavuka chumba hadi kwenye rafu ya dirishani na kuinua kichupa kimoja. Anabonyeza kifuniko kwa kidole gumba. Anakiweka sikioni, anasikiliza, anakirudisha. Kabla mwiko haujapoa, amesharudi kukoroga.

Nje, mvua iliyonyesha tangu Novemba imeugeuza udongo mweusi wa Kitengela kuwa ulimbo. Kila kiatu kilichoachwa mlangoni kimevaa tope kama kiatu cha pili.

"Huyu ukimwambia akae, ni kama umemwambia augue," anasema mumewe, Morgan Wafula. Ametoka zamu ya usiku katika kiwanda cha saruji na bado hajapata pa kuegemea, kwa sababu kiti chake kimejaa mananasi.

Krismasi ya mwaka huu wa 2006 iko karibu. Nanjala, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, anatengeneza zawadi za kula na kunywa ambazo wapangaji wa mtaa huu hubeba wakienda mashambani: jemu, siagi ya njugu, na tangawizi iliyochemshwa na asali hadi ikawa nzito, ya kukorogwa kwenye maji moto. Kila kichupa kimefungwa kichwani kwa kipande cha kitenge.

"Watu wanashika, wanasema ni maridadi," anasema. "Mimi naangalia kifuniko. Urembo niliacha kuangalia."

Sababu ni Krismasi iliyopita.

Nanjala ni mzaliwa wa Kimilili. Alikuja Kitengela mwaka 1998 kumfuata mumewe, akapata kazi ya kushona katika kiwanda cha nguo upande wa Athi River. Mshahara haukufika shilingi elfu tano kwa mwezi, lakini ulikuwa wa uhakika hadi mwaka 2004, wafanyakazi walipopunguzwa.

"Walitupata tukiwa kwa mashine. Wakasema tusirudi Jumatatu. Nilimaliza kushona ile suruali nilikuwa nayo, kwa sababu ilikuwa imebaki mguu mmoja."

Nyumbani kwao hakuna aliyekwenda kumtembelea mtu Krismasi mikono mitupu. Mama yake alikaanga njugu, akazisaga kwa jiwe na kuwagawia majirani. Kitengela, Nanjala aliona majirani wakipanda gari wakiwa na mkate na sukari.

"Nikasema, mkate wa duka mama mkwe atajinunulia. Mpelekee kitu hawezi kupata pale kwake."

Krismasi hiyo ya kwanza, ya 2004, jemu na njugu alizoanza kuuza ziliisha mapema. Mwaka uliofuata, wa 2005, akaamua kuongeza kinywaji.

Ulikuwa mwaka wa kiangazi kikali. Metito, mzee anayemletea asali kutoka ng'ambo ya mji wa Kajiado, alikuwa anapoteza ng'ombe, na asali aliyokuwa ameiweka akiba ndiyo iliyombakia ya kuuza. Nanjala aliichukua yote. Alichemsha tangawizi na ndimu, akaacha maji yapoe, kisha akakoroga asali mbichi ndani.

"Nilikuwa nimesikia asali ikichemka inapoteza nguvu," anasema.

Alitia kinywaji kwenye chupa kuukuu za vioo, akakaza vifuniko kwa nguvu zake zote, halafu akadondoshea nta ya mshumaa juu, ipendeze. Wateja walizichukua mwanzoni mwa Desemba. Mabati ya Kitengela siku hizo yalikuwa yanalia kwa jua.

"Nilijiona mjanja sana."

Mteja wake wa kwanza alikuwa Mugure, nyanya mwenye ploti nyuma ya soko, ambaye Nanjala humwita Mama Hiram. Mugure aliiweka chupa yake juu ya kabati la vyombo, kando ya televisheni. Siku chache kabla ya Krismasi alinyoosha mkono kupangusa vumbi, na chupa ikapasuka.

Alifika kwa Nanjala, ambaye majirani humwita kwa jina la bintiye, mkono ukiwa umefungwa taulo.

"Mama Sheryl, uliniletea zawadi ama bomu?"

Nanjala alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaona taulo linavyobadilika rangi.

"Mimi ni mzee, mkono utapona," Mugure alimwambia. "Lakini mjukuu wangu Caro alikuwa amekaa hapo hapo, anaangalia katuni. Alikuwa ametoka tu kwenda choo."

Nanjala alimpeleka kliniki. Daktari alipokuwa akishona kiganja, yeye alisimama koridoni akiziona chupa zake zote, moja baada ya nyingine.

"Juu ya kabati. Chini ya kitanda. Jikoni kando ya stovu. Na watoto wamefunga shule, wako kwa nyumba."

Hakurudi kwake. Alianza kubisha milango akiwa bado amevaa aproni.

Wengine walimkabidhi chupa kwa ncha za vidole, wamegeuza nyuso kando. Mama mmoja aliifunika na blanketi ndani ya karai na kulisukuma karai hadi getini kwa ufagio. Mke wa mchungaji alimweleza kwa upole kwamba mzee mmoja wa kanisa alikunywa glasi mbili, akaanza kuimba kabla mtu yeyote hajaomba wimbo.

Dereva mmoja kijana, Irungu, alikataa kabisa.

"Hii sirudishi, mathe. Nimeonja moja, imeiva! Niuzie ingine."

"Irungu, nakuomba. Itakuumiza."

"Iniumize aje na mimi ndio nitaiumiza?"

Alisimama uani mbele yake na kukizungusha kifuniko cha chupa. Kifuniko kilimtoka mkononi kikagonga bati la paa, na povu likamfuata usoni. Irungu alijipangusa kwa shati, akaingia ndani, akarudi na moja aliyokuwa amebakiza, ameibeba kama yai.

Nanjala alikuwa amempa Metito pia chupa moja, ya shukrani. Kesho yake alikwenda Kajiado, kisha akatembea hadi bomani kwa mzee huyo. Njiani alipita mizoga ya ng'ombe, na mbele yake aliwaona watoto wakicheza karibu na ua. Aliongeza mwendo.

"Takwenya," Metito alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Nanjala aliitikia kwa lugha hiyo hiyo. "Mzee, ile chupa iko wapi?"

"Tuliimaliza siku ile ile. Nani anaweka kinywaji wakati huu wa kiu?"

Nanjala alimsimulia yaliyotokea. Metito alimuuliza alivyoitengeneza, akasikiliza hadi mwisho, kisha akacheka mpaka akatafuta kigoda.

"Asali mbichi, maji, na joto. Halafu umeifunga mdomo! Mama Sheryl, hiyo ni pombe ya wazee. Lakini sisi hatuifungi. Itapumulia wapi?"

Nanjala, ambaye kanisa lake haligusi pombe, aliketi chini kwenye vumbi. Anasema alicheka pamoja na mzee, na kicheko kikageuka kilio akiwa hajui kimegeukia wapi.

"Nililia nikikumbuka Caro. Na nililia pia kwa sababu yule mzee alikuwa amebaki na ng'ombe wachache hivyo, na bado alikuwa na roho ya kunichekea."

Mkesha wa Krismasi ulipofika, chupa zote zilikuwa zimepatikana isipokuwa moja. Ilikuwa ya Wahu, mama mchanga anayefanya kazi benki Nairobi. Alikuwa ameshaondoka kwenda Nyeri kwa wazazi wa mumewe, na chupa ilikuwa ndani ya begi.

Nanjala alimpigia kwenye simu ya jamii, ile ya kulipia, dukani hadi mwenye duka akamhurumia. Simu ya Wahu haikupatikana. Siku ya Krismasi Nanjala alikaanga chapati, akapakulia familia, akasimama mlangoni. Kila taarifa ya habari ilipoanza aliongeza sauti ya redio.

"Nilimwambia atulie," Morgan anakumbuka. "Akaniuliza, nitatulia aje na kitu yangu iko kwa nyumba ya watu inangoja kupasuka?"

Binti yao, Sheryl, alimwekea mama yake sahani ya chakula. Ilipoa ilipokuwa.

Wahu alirudi Januari. Alisimama getini na hakuingia. Chupa ilikuwa imepasuka njiani, katikati ya nguo, kwa hivyo hakuna aliyeumia. Lakini nguo aliyomshonea mama mkwe avae kanisani ilikatwakatwa na vioo na kulowa. Wahu, ambaye familia ya mumewe haikuwa imempokea kwa mikono miwili, aliingia boma hilo na mzigo unaonuka pombe.

"Nilikuwa nakutafuta kwa simu, Mama Wahu mpendwa," Nanjala alimwambia, maneno yakimgongana mdomoni kiasi cha kumwita kwa jina lisilo lake. "Nitakulipa ile nguo."

"Pesa sitaki. Uliniaibisha, Mama Sheryl."

Akaenda zake.

Nanjala alimwaga tangawizi iliyobaki kwenye shimo la taka na kuacha biashara. Mwaka huo alifua nguo za watu na kuuza mandazi kituoni. Hakuna aliyemtukana. Anasema ingekuwa heri wangemtukana.

"Mtu anakusalimu vizuri kabisa, halafu anaangalia mkoba wako, umebeba nini."

Aliyemrudisha jikoni ni Mugure. Mwezi wa Oktoba alikuja na mkono wake wenye kovu, akaomba chai, akasema anataka jemu ya nanasi ya Krismasi.

"Mama Hiram, mimi niliacha hiyo mambo."

"Uliacha nini? Kilichonikata ni kinywaji. Jemu ilikosea nini?"

"Naogopa."

"Ogopa ukipika. Si ni hivyo watu hupika? Yule haogopi ndiye alinikata mkono mwaka jana."

Nanjala alikwenda ofisi ya afya mjini Kajiado kuuliza anachopaswa kufanya. Afisa aliyemkuta alimwonyesha jinsi ya kuchemsha vichupa vitupu, kuvijaza vingali moto na kuvitambua vilivyoharibika kwa kifuniko kilichovimba. Tangawizi yake sasa haitiwi asali mbichi ikishapoa, bali inaiva pamoja na asali ya Metito hadi mwisho. Nta ya mshumaa hataki kuigusa.

Kutoka kila sufuria, kichupa kimoja hakiuzwi. Hukaa dirishani, juani, kwa majuma kadhaa, kabla ndugu zake wa sufuria ile ile hawajaruhusiwa kutoka mlangoni. Vichupa hivyo ndivyo anavyovisikiliza asubuhi, mchana na jioni.

Juma lililopita alifanya jambo alilokuwa analikwepa mwaka mzima. Alichukua jemu, akavuka matope hadi kwa Wahu. Hakwenda kuuza. Wahu alikuja getini na mtoto begani.

"Imechemka?" aliuliza, bila salamu.

"Imechemka."

Wahu aliifungua hapo hapo, akachovya kidole, akaonja. Aliifunga tena polepole na kuigeuza mkononi.

"Mama mkwe bado anaulizia ile nguo," alisema. "Nitampelekea hii. Na nitamwambia ni wewe umemtumia."

Wahu aliondoka jana kwenda Nyeri.

Tangu jana, kwa maelezo ya Morgan, Nanjala ameosha sakafu ambayo haikuwa chafu, amepanga rafu upya, na ameamka mara kwa mara kunywa maji asiyoyataka. Jemu haina shida, anajua. Amebonyeza kile kifuniko kuliko kingine chochote. Hata hivyo, ameamka na moyo ule ule wa mwaka jana.

Akiulizwa anataka nini baada ya Krismasi, anajibu akiwa anamenya nanasi. Ameona chumba cha kupanga kando ya barabara ya Namanga, chenye sakafu ya saruji na dirisha kubwa. Anataka apate kibali cha afya, aweke jiko la gesi, na awaite wenzake wawili walioachishwa kazi naye kiwandani.

"Wanajua kufanya kazi kwa laini. Mmoja anamenya, mmoja anapika, mmoja anakagua. Mimi nitakagua. Hiyo sipei mtu."

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, kila kichupa kina karatasi yenye jina lake na nambari ya simu aliyonunua Septemba. Mugure alimshauri aandike jina la kuvutia, la kizungu pengine. Alikataa.

"Mwaka jana mtu angeumia huko mbali, hangejua atafute nani. Sasa akikasirika, anipigie."

Simu inalia mezani, katikati ya maganda. Nambari inayoonekana haijui. Mkono wenye kisu unasimama hewani. Morgan anainua kichwa, na Sheryl, anayekata vitambaa vya kitenge sakafuni, anaacha mkasi.

Inalia tena.

Nanjala anaweka kisu chini. Anajipangusa mikono kwa aproni, upande mmoja kisha mwingine, anavuta kiti chenye mananasi, anayasukuma kando na kuketi.

"Hello," anasema. "Ndiyo. Ni mimi Nanjala."