Nilivyopima Kahawa kwa Magazeti

Darasa la nne sikulimaliza, na sioni haya kulisema. Nilibeba magunia ya kahawa mgongoni, kusoma nikajifunzia kwenye maandishi yake, hadi nikanunua kibanja changu, shamba la migomba na mibuni, kijijini Ndama. Ndiyo maana miaka ya tisini ilipoingia, serikali ikawa inasema leo hivi kesho vile kuhusu kahawa, sikungoja kuambiwa na mtu. Nilijipimia mwenyewe.

Magazeti yalikuja na basi la Bukoba, ya siku kadhaa kwa mkupuo, na mwenye duka alinipa yakishasomwa. Kila ukurasa uliotaja kahawa na serikali, ukawa na neno kama "huenda" au "inatarajiwa", niliukata nikauweka kabatini chini ya jiwe. Rundo likiwa fupi, mambo yametulia. Likipanda, wakubwa wenyewe hawajui waendako. Majirani walikuja kulitazama kama mtu anavyotazama mawingu. Nikavimba kichwa.

Msimu mmoja wa maua rundo lilipanda hadi jiwe likawa linateleza. Wanunuzi binafsi huenda wakaruhusiwa, ushirika huenda ukapunguziwa kazi, ushuru huenda ukabadilika. Nikaogopa. Nikamwendea mtu wa Ihembe aliyekuwa akinunua butura, yaani kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa. Tukakubaliana aje kesho yake.

Mama yangu aliishi nyuma ya nyumba yangu, kwenye nyumba ya nyasi inayovuja. Mabati niliyomwahidi yalikuwa yatoke kwenye mavuno hayo. Aliposikia, aliniita, kiko chake cha tumbaku mkononi.

"Baba, hayo makaratasi yamesema bei itashuka?"

Nikamwambia yamesema mambo hayajulikani.

"Kutojulikana si kushuka. Hata mimba haijulikani itazaa nini, na hakuna anayeiuza."

Nilicheka, nikamwambia mambo ya bei aniachie mimi niliyesoma. Akasema basi nimpe ukurasa mmoja, tumbaku yake imekosa cha kufungia. Asubuhi nikauza.

Nilikosea palepale aliponionyesha. Rundo lilipima mashaka tu, na mashaka yanaweza kuzaa bei ya juu kama yanavyozaa ya chini. Wanunuzi binafsi waliruhusiwa kweli. Wakaja na magari hadi uani, wakigombea kahawa, bei ikapanda kuliko nilivyowahi kuiona. Vibarua wa mtu wa Ihembe wakachuma mibuni yangu, mimi nimesimama nawatazama. Kile kidogo nilicholipwa kwa butura kilikuwa kimeshaishia kwenye chumvi, sabuni na jembe.

Mama hakunisimanga, afadhali angenisimanga. Mvua za vuli zilipoanza aliniomba tu nimsogezee kitanda upande usiovuja. Nikakisogeza. Mvua ikazidi, upande ule nao ukaanza, nikakisogeza tena. Alifia hapo, karibu na mlango, kabla mibuni haijabeba mavuno mengine.