Semina Zilizokuja Nyuma ya Lori

Siku yangu ya kwanza kazini nilishikishwa chupa. Mfamasia aliyekuwa mkuu wetu hakuniuliza jina wala nilikosomea. Aliitoa chupa ya kahawia rafuni, akanikabidhi, akasema, "Humu mna nini?"

Nikasoma. "Magnesia, Bwana Mfamasia."

"Umejuaje?"

"Imeandikwa."

"Nani kaandika?"

Akaifungua chupa, akanisogezea puani. Ilikuwa dawa ya kikohozi. Mtu aliimimina mle kwa uhaba wa chupa, asihangaike kubadili lebo.

"Mgonjwa atakuamini wewe, hana njia nyingine," akaniambia. "Wewe usimwamini mtu. Soma, fungua, nusa, halafu ndiyo utoe."

Ndivyo nilivyoanza kazi ya ufundi sanifu wa dawa, katika kituo kimoja kikubwa cha afya cha serikali upande wetu wa Tanga. Jina lake sitalitaja, kwa sababu mtakazozisoma hapa ni habari za watu, na kituo hakina kosa. Nilikuwa msichana wa Chumbageni, nimetoka chuoni na koti jeupe alilonishonea mama. Kazi ya fundi sanifu ni kutunza dawa, kuzichanganya na kuzitoa dirishani chini ya usimamizi wa mfamasia. Vijana wa leo mnadhani dawa huja kwenye boksi. Sisi tulikuwa tunazipika.

Zilikuwa zama za dhiki. Sabuni ya kufulia ilikuwa na foleni yake na mafuta ya taa yana yake, na ukikuta watu wamejipanga ulijipanga kwanza ndipo uulize kunauzwa nini. Dawa nazo zilikuwa hivyo hivyo. Tulitwanga vidonge vya klorokwini kwenye kinu cha kauri, tukachanganya na sharubati ya sukari ili watoto waweze kuimeza. Sukari yenyewe tuliifungia katika kabati la dawa za kulevya, lile lenye kufuli mbili, pamoja na mofini, maana katika vitu viwili hivyo sukari ndiyo iliyokuwa ikiibwa. Wagonjwa walikuja na chupa zao za soda, nasi tukazichemsha kabla ya kuzijaza.

Bwana Mfamasia alikuwa fundi. Nasema kweli, kwa sababu mbele ya safari mtanisikia nikisema mengine. Kila Jumatatu asubuhi, kabla hatujafungua dirisha, alitusimamisha mbele ya meza na kutufundisha jambo moja: kwa nini tetrasaiklini ikichakaa hudhuru figo, kwa nini mjamzito haandikiwi dawa fulani, namna ya kukikamata cheti cha daktari kilichoandikwa dozi ya mtu mzima kwa mtoto mchanga. Siku hizi mnaita mafunzo endelevu, na mnapewa alama za kuhuishia leseni. Sisi tulipewa swali, na ukilikosa unarudi nalo nyumbani.

Tulikuwa mafundi sanifu wawili. Mwenzangu alikuwa Mwanakombo, Mpemba wa watu, mpole, mwenye mkono mwepesi wa kuhesabu vidonge kwa kisu cha bapa mpaka ukadhani anacheza. Alikuwa akiishi Nguvumali kwa shangazi yake. Funguo za stoo tulikuwa nazo watu watatu: mimi, yeye na Bwana Mfamasia.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, biashara zikafunguliwa. Mara maduka yakajaa. Sabuni za kila rangi zikaonekana, na maduka ya dawa yakachipuka barabarani kama uyoga baada ya mvua. Mengine yalikuwa na cheti cha kuuza dawa baridi tu, yaani zile za maumivu madogo zisizohitaji cheti cha daktari, lakini ukiuliza sindano unapewa. Na pamoja na maduka zikaja semina.

Semina ya kwanza niliyopelekwa ilikuwa Amani, kule juu msituni, kwenye baridi na ukungu. Ilihusu utunzaji wa dawa. Niliipenda sana. Nilijifunza namna ya kupanga stoo ili dawa inayokaribia kuharibika itangulie kutoka, na namna ya kupima kidonge kwa kukiangusha katika maji ya uvuguvugu ukaone kinamomonyoka au kimekaa kama kokoto. Nikarudi nimejaa maarifa. Nikafungua stoo nipange rafu kwa mtindo mpya, nikakuta cha kupanga hakipo.

"Wagonjwa walikuwa wengi," Bwana Mfamasia akanijibu bila kuinua uso.

Nikaamini. Uhaba tuliuzoea. Lakini semina ya pili, ya Korogwe, nayo nikaenda na kurudi, na kwinini ya sindano, dawa ya malaria kali, iliyokuwa imeshuka kwenye lori wiki ile ile ilikuwa imekwisha. Ndipo nikaanza kuangalia. Lori la dawa kutoka Dar es Salaam lilikuwa halina siku maalumu. Likija leo, huenda lisionekane tena kwa miezi. Na kila lilipokuja, mwaliko wangu wa semina ulilifuata nyuma kama mkia.

Minong'ono ikaanza kituoni. Haikumwelekea mkubwa, ilimwelekea Mwanakombo. Yeye ndiye aliyekuwa akibaki na ufunguo nikiondoka. Na alikuwa na ndugu wa kwenda na kurudi Pemba, basi watu wakajitungia hadithi nzima. "Hao Wapemba biashara wamezaliwa nayo," karani wa mapokezi alisema mbele yangu, tena kwa sauti. Bwana Mfamasia aliyasikia hayo na hakuyakanusha. Alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyehuzunishwa na jambo asilotaka kulisema.

Siku moja Mwanakombo alinikalia mbele, kisu chake cha kuhesabia kikiwa mezani.

"Da Rehema, na weye wanishuku?"

"Mimi namshuku kila mwenye ufunguo," nikamwambia. "Hata nafsi yangu."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililonalo."

Akaondoka bila kumaliza chai yake. Kuanzia hapo tukawa tunasalimiana kwa kazi tu.

Haikupita muda, akaja mama mmoja wa Nguvumali na mtoto mwenye degedege mgongoni. Tulikuwa hatuna kwinini, tukamwandikia akanunue nje. Alirudi mbio na vichupa vyake vya sindano ndani ya upindo wa kanga. Baadaye nilijua aliuza kitanda. Nilipovipokea, mkono ukakumbuka kazi yake: soma, fungua, nusa. Nikasoma. Lebo ilikuwa na upande mmoja mweupe, umekwanguliwa kwa wembe, pale pale inapokaa alama ya dawa za serikali. Kwenye kichupa kimoja wembe ulikuwa umefanya haraka, na nusu ya alama ilibaki.

Mtoto alidungwa, akapona, alhamdulillahi. Mimi usingizi ukanihama. Yule mama alikuwa amenunua dawa aliyopaswa kupewa bure, hatua chache kutoka dirishani kwangu.

"Umenunua wapi, mama?"

Akanitajia duka la mfanyabiashara mmoja wa jumla, mtu mkarimu, mwenye gari aina ya pikapu, ambaye kila sikukuu alituletea tende kituoni.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Bwana Mfamasia alikuwa na ufunguo. Mwanakombo alikuwa na ufunguo. Nikakaa nikingoja lori.

Likaja. Na siku ya pili yake Bwana Mfamasia akaniita ofisini, anatabasamu. "Rehema, umebahatika tena. Kuna semina Muheza, siku tano. Unaondoka kesho."

"Shukrani, Bwana Mfamasia. Ya nini safari hii?"

Akatazama karatasi. "Afya ya kinywa na meno."

Mimi na meno wapi na wapi? Lakini nikaitikia, nikafunga mkoba, na asubuhi nikapanda basi la Muheza mbele ya macho yake.

Pale ukumbini palikuwa na matabibu wa meno na mifano ya mataya ya plasta. Nikamwendea mratibu, mama mtu mzima mwenye miwani. "Shikamoo. Mimi ni mtu wa dawa. Nimeitwa kwa kazi gani?"

"Marahaba. Hata mimi nimeshangaa, mwanangu," akasema. "Hatukuomba mtu wa dawa. Mkuu wako alinisihi mwenyewe, ati una hamu sana ya kujiendeleza."

Nikamwomba radhi, nikageuza na basi la kwanza lililokuwa likirudi Tanga.

Nilifika kituoni adhuhuri, watu wengi wamekwenda kuswali na kula. Pikapu ya yule mfanyabiashara ilikuwa imegeuzwa kinyumenyume hadi mlango wa nyuma wa stoo. Sikuingia. Mwanamke peke yake akisema ameona, na mkubwa akisema hakuona, mnajua nani husadikiwa. Nikaenda kwa Mganga Mfawidhi, yaani kiongozi wa kituo chote, mzee mwenye usingizi mwingi ambaye stoo hakuikanyaga mwaka mzima.

"Shikamoo Mganga. Naomba uje haraka, kuna mgonjwa stoo."

"Stoo? Mgonjwa gani huyo?"

"Njoo umpime mwenyewe."

Akachukua kipima mapigo chake, akakivaa shingoni, akanifuata. Tulipokata kona, Bwana Mfamasia alikuwa amebeba boksi la kwinini kifuani, kama abebavyo mtu mtoto wake. Mfanyabiashara alikuwa juu ya gari akipokea. Wote wakasimama.

"Rehema," Bwana Mfamasia akasema taratibu. "Wewe si uko semina?"

"Nimefuzu mapema," nikajibu.

Mganga akatutazama sote mmoja mmoja. Akashika boksi, akasoma maandishi yake, kisha akauliza swali moja tu: "Na Mwanakombo yuko wapi?"

"Nimemtuma zahanati," Bwana Mfamasia akajibu. "Amepeleka dawa za vidonda."

Nami nilipolisikia jibu hilo ndipo nilipoelewa. Kila nilipopelekwa semina, Mwanakombo naye alikuwa akitumwa nje siku hiyo hiyo, na akirudi hukuta mlango umefungwa vizuri. Yeye aliachiwa ufunguo ili awepo mtu wa kusingiziwa.

Yaliyofuata hayakuwa kama mnavyotarajia. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Mkubwa wa mkoa alikuja na gari, akafunga mlango wa ofisi pamoja na Mganga. Mwisho Bwana Mfamasia alistaafishwa kwa manufaa ya umma, maneno ambayo mpaka leo sijui ni umma upi ulionufaika. Mfanyabiashara aliendelea na duka lake, ila tende hakuleta tena.

Mwanakombo alisafishwa jina kwa tangazo fupi mbele ya wafanyakazi. Karani wa mapokezi alikwenda kumpa mkono, akaupokea. Baada ya siku chache Mwanakombo akaandika barua ya kuacha kazi.

"Sasa wanaondoka wasafi?" nikamuuliza. "Kaa. Haki imeonekana."

"Imeonekana, Da Rehema," akasema, anakunja koti lake. "Lakini miye n'shawaona nyote mlivyokuwa mkinitazama. Siwezi kurudi kutoona." Akaenda zake kwao Pemba. Nasikia alifungua duka la vitambaa. Fundi kama yule, kazi ya dawa ilimpoteza hivi hivi.

Mimi nilihamishwa Pangani, kisha Handeni, na mwisho nikawekwa mkoani kusimamia mafunzo ya mafundi sanifu na wauzaji wa maduka ya dawa. Wauzaji sasa walitakiwa kisheria kusoma kabla ya kupewa kibali. Nilikuwa mwalimu mgumu. Watu walizoea kutia sahihi, kunywa chai na kutoweka. Kwangu mlango ulikuwa mmoja, na kiti changu kilikuwa mlangoni.

Katika darasa moja, mstari wa mbele, alikaa mzee mwembamba aliyevaa kofia ya kufuma. Nilimjua kabla hajainua uso. Bwana Mfamasia alikuwa na duka lake mwenyewe kule njia ya kwenda Pangani, na bila cheti changu lingefungwa.

"Shikamoo," nikamwamkia, maana ni mkubwa wangu kwa umri.

"Marahaba, Mwalimu."

Alikaa siku zote za mafunzo. Hakutoroka hata mara moja. Kwenye mtihani wa vitendo alishinda darasa zima, vijana wakawa wanamwuliza yeye badala yangu. Siku ya mwisho, wakati wa chai, akanisogelea.

"Rehema, zile semina nilizokupeleka ndizo zilizokufanya uwe hapo ulipo. Hilo nalo ulihesabu."

Lilikuwa neno la kweli, na lilikuwa neno la mwizi. Nikammiminia chai. Cheti nikampa. Alikipata kwa jasho lake, na mwalimu hafelishi mtu kwa kumbukumbu.

Sasa nimestaafu, na vijana wa fani hii hunijia wakiniuliza kama semina zina faida au ni posho tu. Nawaambia waende. Dawa zinabadilika kila mwaka. Klorokwini niliyoitwanga ujana wangu wote leo haitibu malaria. Asiyejifunza huua watu kwa nia njema. Lakini kabla ya kupanda basi uliza nani kakuita, nani analipa, na kwa nini wewe, tena kwa nini leo. Na uliza ni nani anayebaki na ufunguo, na kama atabaki peke yake.

Jioni ile niliyompa cheti, niliteremka njia ya Pangani nikaingia dukani kwake kama mteja. Nikaomba kwinini. Akachukua kichupa rafuni, akanipa. Nikakipeleka penye mwanga, nikakigeuza pande zote. Lebo ilikuwa nzima. Nikamrudishia, nikamuaga kwa adabu.

Mwezi uliofuata nilipita tena. Mpaka leo napita.