Gunia la Mkono wa Kushoto

Harufu ya gunia lililolowa hunirudisha Kinondoni hata leo. Mvua ikinyesha na muuza mkaa wa mtaani kwetu akaacha magunia yake nje, mie nikipita hapo hupunguza mwendo bila kutaka. Ndivyo alivyokuwa akinukia baba yangu alipotoka kazini: gunia, jasho na mate ya mbwa.

Baba alikuwa mtunza mbwa wa Mzungu mmoja huko Uzunguni, upande wa baharini, zama za Mwingereza. Sisi tulikuwa Wakristo, watu wa milimani Upare, tukikaa katika nyumba ya udongo yenye paa la madebe. Kila jioni baba alirudi na kipande cha gunia kwapani, akakianika kwenye kamba ya nguo. Tulidhani ni cha kuogeshea mbwa. Mkono wake wa kushoto ulijaa makovu madogo madogo, nayo hatukuyaulizia. Kwa mtoto, makovu ya baba ni sehemu ya baba, kama pua yake.

Alipenda sana kutufundisha. Alikaa kibarazani, miguu imetumbukia katika beseni la maji ya chumvi, akatueleza habari za mbwa kama mwalimu anayeeleza habari za nchi za mbali. Vijibwa vya miguu mifupi, alisema, ndivyo vyenye hasira, maana hubebwa siku nzima na hakuna anayevikanya. Wale wa kuwindia, wenye masikio marefu, huisikiliza pua yao kuliko mwenye mbwa. Mbwa koko wa mitaani ni mwoga, huuma akibanwa. Halafu kuna wale wakubwa wa masikio ya kusimama, ambao asili yao ni kuchunga kondoo Ulaya.

"Huyo ni mwanafunzi," alisema baba. "Ukimfundisha jema, atalishika. Ukimfundisha baya, atalishika vilevile."

Alitufundisha pia namna ya kukaa nao. Usimguse mbwa anayekula. Usimkumbatie shingoni, wewe unaona upendo, yeye anaona kabali. Mkia unaotikisika si furaha kila mara, tazama na masikio. Na akikujia mbwa usiyemjua, usikimbie. Simama kama nguzo, mikono chini, macho pembeni, akunuse aende zake. Mimi na wadogo zangu tulilifanyia mazoezi hilo la nguzo mpaka kuku wakatuzoea, wakawa wanatudonoa vidole vya miguu.

Yule Mzungu aliporudi kwao moja kwa moja, alimwachia baba mbwa wake mmoja wa masikio ya kusimama, aliyeitwa Reksi. Alikuwa mpole nyumbani, akilaza kidevu juu ya mguu wangu nikichambua mchele. Amri alizijua kwa Kiingereza tu, nasi tuliona fahari kukaa na msomi.

Jirani yetu Mzee Shomari, seremala, alimtania baba kutoka ng'ambo ya uchochoro. "Nyie watu wa bara, hamwoni tabu kulala na mbwa?"

"Halali ndani, mzee wangu. Analinda nje."

"Analinda nini? Beseni lako?"

Wakacheka wote wawili. Lakini baba alichimbia nguzo uani, akamfunga Reksi kwa kamba nene, akatuambia kwamba hakuna wa kuifungua ila yeye. "Hata akikulilia," alisema.

Aliyenililia moyoni hakuwa Reksi. Alikuwa Hawa, binti wa Mzee Shomari, rika langu, tuliyecheza naye rede tangu tujue kurusha mpira. Tangu mbwa aje, Hawa hakukanyaga tena kwetu. Aliniita kutoka njiani, nami nikamwendea, na mara nyingine hakuniita kabisa. Kwao pua ya mbwa ikikugusa ni najisi. Huna budi kujiosha mara saba, mara moja kwa udongo. Nilijua hivyo. Lakini nilikuwa na miaka tisa, na niliamini kwamba akimwona Reksi alivyo mpole, atarudi.

Alasiri moja baba hayupo, mama yuko bombani, nikafungua kamba. Hawa alikuwa akipita kwenda chuoni, kanga safi, juzuu kifuani.

"Hawa, njoo umwone! Haumi!"

"Wee Eliza, mfunge! Nimeshatawadha mie!"

Reksi alimwendea taratibu, mkia ukitikisika, akinyoosha pua amnuse. Hawa akafanya alichofundishwa kwao: akakusanya kanga yake, akakimbia.

Hapo nilimwona mbwa mwingine. Hakubweka. Alijinyoosha chini chini, akampita ubavuni, akamkamata mkono wa kushoto. Kisha akatulia, mkono ungali kinywani, akageuza macho kunitazama, kama mtoto aliyemaliza hesabu zake na anangoja kuambiwa vema.

Nilipiga kelele, "Acha!" Hakulijua neno hilo. Mama alifika mbio, akatupa debe la maji, akatamka neno la Kizungu alilozoea kulisikia kwa baba. Reksi akaachia mara moja, akakaa kitako.

Mama yake Hawa aliuosha mkono ule mara saba huku akilia. Baadaye bwana mganga hospitalini alisema yale maji mengi ndiyo yaliyokuwa dawa ya kwanza. Dawa iliyofuata ilikuwa sindano za tumboni, kila siku, kwa kuhofia kichaa cha mbwa. Nilimsikia Hawa akilia njiani kila asubuhi alipopelekwa.

Jioni ile baba aliishika kamba, akaitazama.

"Ilifunguka yenyewe," nilisema.

Fundo lile alilifunga yeye. Aliniangalia, kisha akalifunga upya.

Mzee Shomari alikuja, hakuja na utani. "Baba Eliza, huyu mbwa hakurukia tu. Kamshika mtoto mkono, hakumgusa pengine. Nani kamfundisha?"

Baba aliinamisha kichwa. "Kafundishwa huko alikotoka, mzee wangu. Nisamehe."

Reksi alifungwa siku kumi, aangaliwe kama ana kichaa. Hakuwa nacho. Hata hivyo ilikatwa kauli kwamba apigwe risasi, na baba hakupinga. Alimpeleka mwenyewe, bila kamba, mbwa akitembea sambamba na goti lake la kushoto. Baba alichukua na lile gunia, amzike nalo. Alirudi mikono mitupu, na tangu siku hiyo hakutueleza tena habari za mbwa.

Miaka mingi baadaye, tulipokwisha kumzika baba, nilimuuliza mama juu ya gunia lile.

"Si alikuwa analivaa mkononi," alisema, akishangaa kwamba sikujua. "Mkono wa kushoto. Mzungu anamwambia kimbia, anakimbia bustanini, halafu mbwa anaachiwa. Akimkamata, baba yako ndiye anampa kipande cha nyama. Asubuhi na jioni. Ndiyo ilikuwa kazi yake."

Mafundisho yote yale ya kusimama kama nguzo yalitoka kwa mtu aliyelipwa kukimbia. Alitupa wanawe alichokijua, asiwape majirani, kwa maana angelazimika kueleza alikijuaje.

Mwaka jana nilikwenda kumwona Hawa. Ni bibi sasa, kama mimi. Nikamwambia la kamba. Alikunja mkono wa gauni lake, akalipapasa kovu.

"Nilikuona unafungua," alisema. "Ningesema, baba angenikataza kucheza nawe."

Basi wote tulijua kitu siku ile, na kila mmoja alikificha kwa sababu ya kumpenda mtu. Aliyekuwa hana la kuficha ni yule aliyekaa kitako uchochoroni, masikio yamesimama, akingoja nyama yake.