Picha za Dirishani

Nilifika Lushoto nikiwa nimepakata kamera kama mtoto mchanga, kwa kuwa sikumwamini utingo aliyetaka kuifunga juu ya paa pamoja na matenga ya kuku. Nilikuwa nimetoka kwetu Taita kwa treni, nikabadilisha Kahe, nikashuka Mombo, nikapanda basi la mlimani. Wakati huo ilikuwa safari tu kama safari nyingine. Mwingereza alikuwa bado anatutawala pande zote mbili za mpaka, Kenya na Tanganyika, na hakuna aliyeniuliza karatasi. Nilikuwa kijana, nimejifunza kupiga picha Mombasa, ambako wapiga picha walikuwa wamejaa kila kona. Nilikuwa nimeambiwa kwamba Lushoto hapakuwa na hata mmoja.

Nikapanga chumba cha mbele karibu na soko. Nyuma nililala na kusafishia picha, mbele nikatundika pazia lililochorwa ngazi za jumba kubwa na vyungu vya maua, nikaweka mabenchi mawili ya wateja. Dirisha la barabarani nililitia kioo, na nyuma ya kioo nikabandika picha nilizojivunia. Ndivyo alivyonifundisha mwalimu wangu: mtu haingii studio mpaka amwone mtu anayemjua dirishani.

Uhuru ulipokuja nilipiga picha nyingi kuliko siku zote, nami nilishangilia kama wao. Sikujua kwamba nilikuwa nageuka mgeni hapo hapo nilipokuwa nimesimama. Baada ya muda niliitwa Tanga, nikaelezwa kwa upole kwamba mtu wa nchi nyingine hukaa kwa kibali, na kwamba mimi nilipewa kibali kwa sababu ya biashara. Maana yake niliielewa mwenyewe ndani ya basi. Studio ikifa, na mimi nimekwisha. Watu waliozoea kuniita Mtaita wakaanza kuniita Mkenya. Hawakuwa na ubaya wowote, lakini mimi nililisikia lile neno kila mara.

Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikaa miaka sikupewa jembe. Walinisalimia vizuri, walinilipa vizuri, wakaenda zao. Jumapili nilikaa benchi la nyuma kanisani, na ibada ikiisha kila mtu alishika njia ya kwake, mimi nikarudi kupasha viporo. Kishambaa nilikielewa nusu nusu, na nusu niliyoielewa ndiyo isiyonihusu. Siku za gulio nilikuwa nikipeleka kamera mpaka Mtae, pale mlima unapokatika ghafla, na hewa ikiwa safi nilikuwa naviona vilima vya kwetu ng'ambo ya nyika, vidogo, vya rangi ya moshi. Nilivitazama mpaka mteja akanikumbusha kwamba amesimama anasubiri. Upweke ulinikaa kifuani, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kiburi, sikumwambia mtu.

Mtu mmoja tu alikuwa akinichokoza, naye alikuwa mke wa balozi wetu wa nyumba kumi, yule mzee ambaye ofisi zote zilimuuliza habari zetu. Mama huyu alileta viazi sokoni, na kila alipopita aliniamkia kwa Kishambaa, "Onga makeo, mtu wa kujifungia." Siku moja alikuja kupigwa picha. Nilipoingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi, akauliza ninajificha nini. Nikamweleza ukweli, kwamba huko ndani, kwenye kioo cha kamera, namwona kichwa chini miguu juu, kama popo. Alicheka mpaka kanga ikamshuka begani, na mimi nikabonyeza hapo hapo.

Watu wa kule walipigwa picha wakiwa wima na macho makavu, kana kwamba wanasomewa hukumu. Picha ya mama yule akicheka ilikuwa picha bora niliyowahi kupiga. Nilimpa nakala moja, nyingine nikaiweka katikati ya dirisha.

Ikafika miaka ya Ujamaa. Nilikwenda Tanga kutafuta karatasi na dawa za picha, nikakaa zaidi ya wiki kwa sababu havikupatikana upesi. Niliporudi nilifuta vumbi kwenye kioo, nikafungua mlango, nikangoja. Hakuingia mtu. Kesho yake hakuingia mtu. Watu walikuja hadi karibu na dirisha, wakapunguza mwendo, wakavuka kwenda upande wa pili. Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili, na ya tatu.

Nilidhani nimejua sababu. Katika mikutano tulikuwa tukiambiwa habari za wanyonyaji, na mimi nilikuwa mtu mwenye duka lake peke yake, tena mtu wa nchi nyingine. Nikasema moyoni, haya, leo nimekuwa mnyonyaji, mimi ambaye nanunua mkaa kwa kopo. Nikakasirika. Nikaacha kuwaamkia watu waliokuwa wakinipita, na wao wakaona nina kiburi, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Lakini kibali kilikuwa kinakaribia kwisha, na safari hii Tanga walitaka barua ya balozi kueleza kwamba ninajulikana ninapoishi. Bila barua ningerudi Taita na sanduku langu, nikamwambie mama yangu kwamba miaka yote ile ilikuwa bure. Basi nikavaa koti, nikateremka bondeni kwa balozi.

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba anachambua maharage, kazi ambayo sikuwahi kumwona mzee wa kiume akiifanya.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Mama hajambo?"

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. Aliniangalia, si kwa hasira. Hasira ningeiweza.

"Wewe unakaa naye mchana kutwa," alisema. "Unaniuliza mimi?"

Sikuelewa. Kisha nikaona zile kanga zake zimekunjwa kwenye kiti ndani ya mlango, na ule ungo mkononi mwa mwanamume, nikaelewa vyote kwa mara moja. Nikakaa chini bila kukaribishwa. Alikuwa amefariki nilipokuwa Tanga. Homa, siku nne. Walikuwa wamemzika mimi nikiwa nabishana na wenye maduka juu ya bei ya karatasi.

"Mzee, sikuambiwa," nilisema.

"Msiba hauna mwaliko. Mtu anausikia."

"Sikusikia."

"Ndiyo. Hukuuliza mtu habari uliporudi. Ulifuta kioo, ukafungua duka." Akachukua tena maharage. "Huku kwetu marehemu hasimamishwi njiani. Watoto wake wanakwenda dukani kununua chumvi, wanamkuta mama yao anacheka barabarani. Mimi siku hizi nazunguka nyuma ya soko."

Sikuitaja barua. Nilipanda mlima ule nikikimbia, mtu mzima na koti lake. Niliitoa picha dirishani, nikaivingirisha katika kile kitambaa cheusi cha kamera kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha heshima, nikashuka nayo tena. Balozi aliipokea kwa mikono miwili. Hakuitazama. Aliingia ndani, nikasikia sanduku likifunguliwa na kufungwa, akatoka na kitambaa changu amekikunja.

Nilirudi nikalia. Nilimlilia yule mama, na nilijililia mwenyewe pia, maana nilikuwa nimeishi mahali miaka mingi kiasi hicho, na mtu pekee aliyenitania akafa, na habari haikuwa na njia ya kunifikia.

Nafasi ya katikati dirishani ilibaki wazi. Sikupenda kuitazama ile nafasi, wala sikutaka kuweka mteja mwingine pale. Nikachukua picha ya mama yangu mzazi, niliyompiga mbele ya nyumba yetu Taita kabla sijaondoka, nikaiweka. Alikuwa hai na mzima, analima, ananiandikia kwa mkono wa mwalimu wa shule. Nilidhani hakuna atakayeudhika kwa hilo.

Zikiwa zimebaki siku chache kibali kiishe, balozi alikuja studio asubuhi, ameshika barua. Alisimama kwanza dirishani.

"Huyu nani?"

"Mama yangu, Mzee."

"Yuko salama?"

"Yuko salama. Yuko Taita."

Akaridhika, akaingia. Barua ilikuwa fupi, iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi: mtu huyu tunaishi naye. Nilimwambia kwamba Tanga wanataka na picha yangu, na kwamba katika miaka yote ile sikuwa nayo hata moja. Nilikuwa nimewapiga watu wa mlima mzima, lakini hapakuwa na mtu wa kunipiga mimi.

"Nionyeshe pa kubonyeza," alisema.

Nikakaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya zile ngazi za jumba. Kwa mara ya kwanza nilihisi ule uchi wanaouhisi wao. Balozi akaingiza kichwa ndani ya kitambaa.

"Mbona uko kichwa chini?"

"Ndivyo inavyoonekana huko, Mzee."

"Na yeye ulimwona hivi?"

"Ndiyo. Nilimwambia namwona kama popo. Ndipo akacheka."

Kitambaa kilitikisika kidogo. Sikujua kama alikuwa akicheka au la, na sikuuliza. Alipotoa kichwa macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilimuuliza alikuwa akicheka nini, akasema ni mambo ya studio," alisema. "Kaa vizuri sasa."

Ile picha ilitoka imelala upande, bega moja halipo. Nilikwenda nayo Tanga hivyo hivyo. Yule karani aliigeuza geuza, akatabasamu, akagonga muhuri.

Wateja walirudi mmoja mmoja. Nilijifunza kuuliza habari, na kungoja jibu. Lakini sitadanganya kwamba upweke uliisha. Ukizoea kupika chungu kidogo, mkono wenyewe unapima kidogo.

Kisha mpaka wa Kenya ukafungwa. Treni ya kwenda Taita haikuwapo tena kwa mtu kama mimi, na barua zilizunguka nisipopajua. Siku moja nilikwenda posta, nikapewa bahasha iliyochakaa pembe. Niliisoma nimesimama palepale. Mama alikuwa amefariki, na amezikwa, na matanga yalikuwa yamekwisha zamani. Nilihesabu siku njiani kuelekea nyumbani. Kwa wiki saba nilikuwa namfutia vumbi pale dirishani.

Nilifunga mlango, nikakaa kwenye benchi la wateja. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na kwa lugha gani? Aliyekufa hawakumjua, na mahali alipozikwa hakuna ambaye angeweza kwenda, hata mimi.

Hazikupita saa mbili nikasikia hatua za watu nje, nyingi. Karani wa posta aliniona nikisoma na kunisikia nikitamka 'mama', akamwambia wa duka la kijiji, na habari ikashuka bondeni. Nilifungua. Wanaume wa nyumba zetu kumi walikuwa wamesimama na makoti yao, nyuma yao wanawake wenye vikapu, na mbele kabisa balozi, ambaye siku hizo alikuwa anatembelea fimbo. Waliingia wakajaza mabenchi, wengine wakakaa sakafuni mbele ya lile pazia la ngazi na maua, na wanawake wakapita moja kwa moja nyuma kuwasha jiko langu.

Balozi hakukaa. Alikwenda dirishani, akaegemeza fimbo ukutani, akauliza kitambaa cheusi kiko wapi. Nilimpa. Akamtoa mama yangu barabarani, akamfunika, akanikabidhi kwa mikono miwili.