Jiko Lisilolia

Fundi wa majiko wa hapa Mjambere hasemi sana, yeye husikiliza. Udongo wa jiko, kabla hajauvisha bati, huuinua hadi sikioni akaugonga kwa ukucha wa kidole gumba. Ukilia kama kikombe cha kauri, umeiva tanuuni, na jiko litapika kwa makaa kidogo miaka na miaka. Ukisema du, haukuiva, utapasuka kabla ya mwezi kwisha. Huutupa nyuma ya kibanda, hata mteja akiapa kwamba anautaka hivyo hivyo. Nasi majirani tumeujua mlio huo bila kufundishwa.

Mwaka wa themanini na sita serikali ikatuchagulia jiko. Wallahi, hakuna aliyetuuliza sisi tunaopika, wala yeye anayetengeneza! Afisa alikuja barazani kwa chifu na lori zima la majiko ya rangi ya kijani, akatuhubiria habari za misitu na moshi hadi jua likatuchoma visogo, ndipo akagawa. Fundi alipopewa lake, aliliinua sikioni, akagonga. Du. Akaliweka chini, mbali na miguu yake.

"Fundi, na langu?" akauliza Mwanatatu, muuza mahamri.

"Gonga mwenyewe, mamangu."

Akagonga. Jirani yake naye akagonga. Mara uwanja mzima wa wanawake ukawa unagonga: du, du, du. Afisa akadhani tunampigia ngoma. Akatabasamu, akatupungia mkono, akamwambia karani wake aandike kwamba wananchi wamelipokea jiko kwa shangwe.