Hatua Sitini na Moja

Kwa miaka ishirini na miwili watu wa kisiwani walimwita Mama Funguo, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwa benki na kwa dada zake. Alitunza nyumba thelathini na moja za wenye nazo, wale wanaokuja kuogelea wiki tatu kwa mwaka kisha wanarudi walikotoka. Alifungua madirisha ili ukungu usile magodoro, akafagia mchanga, akafunika viti kwa mashuka. Jioni alizima kila taa, akafunga milango na kupanda basi la saa kumi na mbili linalovuka daraja kwenda kwake, nchi kavu. Mchanga wa pale hauna adabu. Ukiufukuza mlangoni asubuhi, mchana unaukuta ndani ya sukari.

Kisiwa chenyewe ni ukanda tu wa mchanga, mrefu na mwembamba, umejilaza mbele ya nchi kavu kama mbwa aliyelala mlangoni. Nyuma yake maji yametulia, mbele yake ni bahari kuu, nacho kinapigwa na mawimbi ili watu wa ng'ambo walale salama. Kina barabara moja, duka moja, na kimya ambacho wageni hukisifia siku mbili za kwanza, kisha wanaanza kuulizia televisheni.

Macho hayana pazia. Katika nyumba zote hizo, moja ilimkaa rohoni: ya mwisho kabisa, ya mbao, vyumba viwili, mlango wa buluu uliobabuka rangi. Paa lilivuja juu ya kabati, na mlango wa bafu haukufungika mpaka uunyanyue kwanza. Yeye hayo yote hakuyahesabu kuwa kasoro. Mpenda chongo huita kengeza. Barazani kulikuwa na kiti cha mbao kinachoitazama bahari. Alikifuta vumbi mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye, lakini hakuwahi kukikalia hata siku moja. Alikitamani mpaka akawa anaona aibu. Mumewe, fundi bomba, alikuwa akimtania kwamba siku moja atarudi kutoka kazini amkute mkewe ameolewa na nyumba. Utani ule ulimkera enzi hizo. Tangu mumewe afariki, anautafuta masikioni na haupati.

Alikuwa na desturi yake. Kila Jumatatu, akimaliza nyumba ile, alipiga hatua kutoka ngazi ya baraza mpaka pale maji yanapofikia yakijaa, kisha akaandika idadi kwa penseli nyuma ya mlango wa stoo. Hakuna aliyemtuma. Mwaka wa kwanza zilikuwa hatua mia moja ishirini na saba. Sasa zimebaki sitini na moja.

Mwenye nyumba, mama mmoja mwalimu mstaafu, alipofariki, mwanawe akaitoa nyumba iuzwe. Dalali akaja na viatu vinavyong'aa, akamwambia Mama Funguo apige deki, afungue madirisha, na hayo mengine amwachie yeye. Habari za hatua zake zilikuwa zinajulikana kisiwa kizima, kwa hiyo alielewa mengine ni yapi.

Basi akajikuta anaitembeza kwa wanunuzi nyumba aliyoikodolea macho miaka yote hiyo. Walikuwa daktari wa meno na mkewe, watu wastaarabu, wenye pesa mkononi. Aliwaonyesha jiko na dirisha lake dogo juu ya sinki. Aliwafundisha kuunyanyua mlango wa bafu. Walipofika barazani, yule mke akakaa kwenye kiti bila hata kukifuta, akavua viatu, akasema hapa ndipo atakapozeekea. Mama Funguo akakikunja kitambaa chake cha kufutia vumbi.

Ndipo daktari akageuka. "Mama, wewe ni mwenyeji hapa. Hii bahari haisogei?"

Dalali akakohoa. Angenyamaza, nyumba ingekuwa imekwenda, na Jumatatu ijayo angeifuta vumbi ikiwa ya mwingine. Angesema, watu wangemwona fisi aliyekabidhiwa bucha.

"Inasogea," alisema, akaenda kuwafungulia mlango wa stoo.

Walizisoma namba tangu juu hadi chini. Mke wa daktari akavaa viatu vyake. Gari lao lilipoondoka, dalali alimwambia kwamba amemtilia mchanga kitumbua chake, naye akajibu kwamba mchanga ndio bidhaa pekee isiyoadimika pale. Lakini utani haukumsaidia. Je, alisema kwa sababu ni kweli, au kwa sababu ya kile kiti? Mpaka leo hajui. Asubuhi huamini lile la kwanza, jioni hushuku la pili.

Mwaka ukapita bila mnunuzi. Bei ikateremka mpaka ikalingana na kiwanja alichoachiwa na mumewe. Akampigia simu mwana wa mwalimu, akamweleza yote, hata lile la daktari wa meno. Kijana akasema mama yake alizijua namba zile na kila likizo alianza kwa kwenda kuzisoma. Akakubali kumuuzia.

Binti wa Mama Funguo, muuguzi, alivuka daraja kumfuata kazini akiwa amefura.

"Mama, unauza kiwanja cha baba ununue nyumba inayoliwa na bahari?"

"Hatua sitini na moja. Bahari inakula tatu kwa mwaka. Mimi nina hamsini na nane. Piga hesabu, mwanangu."

Binti akapiga hesabu. Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Hatimaye akauliza wao watarithi nini, na mama yake akamwambia watarithi samaki.

Siku ya kuhamia, mizigo ilifika asubuhi. Akasugua sakafu, akafuta kabati, na mawingu yalipotanda akawasha taa ya jikoni ili aione vizuri sinki. Saa kumi na mbili basi likapiga honi kwenye kona. Miguu ina akili zake: ikainuka, mkono ukafunga mlango, na kabla hajajua akawa amekaa ndani ya basi kwenye kiti chake cha siku zote, dirishani.

Karibu na daraja aligeuka kuitazama nyumba, kama alivyofanya kila jioni. Siku zote aliiona giza, kwa kuwa ni yeye aliyeitia giza, na wenyewe walipokuwepo yeye hakuwa na kazi huku. Leo dirisha dogo lilikuwa linawaka. Akainuka kitini.

"Dereva, nishushe. Nimeacha taa inawaka kwa watu."

Dereva akasimamisha basi, akamtazama kwenye kioo. "Kwa watu gani, Mama Funguo?"

Aliteremka, akairudia barabara polepole huku akilitazama dirisha lile njia nzima, akimtamani mtu mmoja tu wa kumcheka. Alipofika, taa hakuizima. Alikwenda barazani akakaa kwenye kile kiti, bila kukifuta vumbi.